Gato ya ndoa: komite ilipe kazi, si idadi ya etaji

Kila Jumamosi katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, magari yenye riboni yanapiga honi kutoka komini hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi sale ya fete. Karibu kila kitu kinachowangoja wageni ndani ya sale hiyo kimekwisha kulipwa. Mwenye sale hakutoa ufunguo kabla ya kupokea pesa zake zote. Makreti ya bia na ya sukari hayakutoka depo kwa ahadi. Mwenye muziki alipewa avansi, na ile sehemu iliyobaki anajua namna ya kuidai: anazima spika, na wanakomite wanakimbia kutafuta pesa.

Kuna mtu mmoja ambaye mara nyingi amemaliza kazi yake yote bila kuona hata nusu ya malipo. Ni yule aliyepika gato na kuipamba. Huyo anaambiwa: “Mama, usijali, tutamaliza baada ya fete.” Baada ya fete, mwenyekiti wa komite hashiki tena simu, mweka hazina anasema sanduku limebaki tupu, na bwana na bibi arusi wako safarini au wamechoka. Gato imeliwa. Hakuna anayeweza kuirudisha.

Desturi hiyo inafaa kuisha. Haitaisha kwa huruma tu, maana huruma ndiyo inayotumiwa kumdhulumu mpishi. Itaisha siku ambapo komite za ndoa zitakubali mambo mawili rahisi: gato inahesabiwa kwa watu itakaowalisha na kwa saa za kazi, si kwa wingi wa etaji, na pesa zake zinatolewa zote kabla gato haijasimamishwa juu ya meza.

Kazi ambayo wageni hawaioni

Anayeona gato kwenye sale anaona dakika kumi za mwisho: kisu chenye riboni, picha, bibi arusi anayepiga magoti kumlisha baba mkwe, makofi. Kazi yenyewe ilianza siku nyingi kabla.

Maua ya sukari ndiyo yanatangulia. Waridi moja linatengenezwa jani kwa jani, kila jani likisukumwa hadi liwe jembamba kama karatasi, kisha linaachwa likauke. Katika miezi ya mvua, hewa ya Goma na Bukavu ina unyevu, na ua ambalo lingekauka kwa siku moja linaweza kudai siku mbili au tatu. Gato yenye maua thelathini ni usiku kadhaa wa kazi kabla hata yai moja halijavunjwa.

Baadaye inakuja kazi ya furu. Mapishi mengi ambayo vijana wanayafuata kwenye simu yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa mita 1460 hivi, na Butembo iko juu zaidi. Huko maji yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Hewa ni nyepesi, na kwa sababu hiyo levire inaumua unga haraka kupita kiasi: gato inapanda vizuri, mpishi anafurahi, kisha inaanguka katikati kabla ya kushikana. Anayeijua kazi anapunguza levire, anapunguza sukari kidogo, anaongeza maziwa au maji, na anapandisha moto wa furu. Wengi wamejifunza jambo hilo kwa kupoteza gato moja baada ya nyingine, mayai na siagi vikienda bure kutoka mfukoni mwao.

Anayeteremka Uvira anakuta shida nyingine. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na joto la mchana ni adui wa krimu ya siagi, kwa sababu siagi inaanza kuyeyuka mapema sana. Gato iliyosimama wima asubuhi inaweza kuegemea upande mmoja saa kumi. Mpishi wa Uvira anachagua krimu ya aina nyingine, au anafanya kazi usiku wakati kuna baridi kidogo, na anaomba sale imwekee meza mbali na dirisha la jua.

Kisha kuna umeme. Furu ikizimika wakati gato iko nusu ya kuiva, hakuna namna ya kuiokoa. Ndiyo maana wapishi wengi wana njia ya pili: furu ya makala, au gazi, au jirani mwenye jenereta. Zote ni gharama. Mwisho kuna safari. Gato ya etaji nne haisafiri ikiwa imesimama. Inabebwa vipande vipande ndani ya makatoni, mtu ameshikilia magotini, gari likitambaa juu ya mawe ya volkeno. Kwenye sale ndipo inapandishwa: ndani ya kila etaji vinapandwa vijiti vya kubeba uzito, na kati ya etaji na etaji kunawekwa sahani ngumu. Bila vijiti hivyo, etaji ya juu inazama ndani ya ile ya chini.

Hayo yote ni ufundi. Mtu anayeyajua ni fundi sawa na seremala au fundi umeme. Hakuna komite inayomwambia seremala alete viti mia tatu kwanza, pesa zitaonekana baadaye.

Etaji hazilishi watu

Mazungumzo ya kuagiza gato yanaanza karibu kila mara kwa swali moja: “Etaji tano ni pesa ngapi?” Swali lenyewe ndilo linaloharibu hesabu.

Etaji si kipimo. Etaji ya duara yenye upana wa sentimita 30 inabeba unga, mayai na siagi mara nne kuliko etaji ya sentimita 15 yenye kimo kilekile. Kwa hiyo etaji tatu pana zinaweza kulisha watu wengi kuliko etaji tano nyembamba. Kwa vipande vidogo vya ndoa, vile vya sentimita mbili na nusu kwa tano, etaji ya sentimita 15 inatoa vipande 12 hivi, ya 20 inatoa 24, ya 25 inatoa 38, na ya 30 inatoa 56. Ukijumlisha zote nne unapata vipande 130. Gato hiyo kubwa, ambayo inakamata picha nzuri na kugharimu usiku mwingi wa kazi, hailishi hata nusu ya wageni 300.

Matokeo yanajulikana na kila mtu aliyewahi kuketi nyuma ya sale. Meza ya heshima inapata, wazazi wanapata, parene na marene wanapata. Meza za nyuma zinaona gato kwa macho, halafu zinaambiwa imekwisha.

Njia ya kuaminika ipo, na wapishi wazuri wanaipendekeza mara nyingi, lakini komite zinaikataa kwa sababu “haionekani”. Njia hiyo ni gato ndogo ya kweli ya etaji tatu mbele ya wageni, na gato bapa jikoni, bila mapambo. Etaji za sentimita 15, 20 na 25 zinatoa vipande 74. Gato bapa ya sentimita 30 kwa 40, ikikatwa vipande vya sentimita tano kwa tano, inatoa 48. Gato bapa tano ni vipande 240. Jumla ni 314: wageni 300 wamekula wote, na wapishi wamebaki na kipande. Kazi ya mapambo imepungua, bei imepungua, na hakuna shangazi aliyetoka amekasirika.

Tena, pesa iliyookolewa kwenye urefu inaweza kuingia kwenye ladha. Eneo la mashariki halikosi vitu. Kakao ya Beni na ya Mambasa inatoka nchini kwa magunia, na chokoleti yake inaliwa mbali. Lakini hata Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, kiwanda kidogo kimekuwa kikitengeneza chokoleti. Vanila inalimwa Kivu Kaskazini na Ituri. Masisi inajulikana kwa maziwa na jibini. Marakuja inapatikana sokoni. Gato ya etaji tatu yenye vanila ya kweli na krimu ya marakuja ingekumbukwa na wageni kuliko mnara mweupe usio na ladha yoyote isipokuwa sukari.

Frigoliti chini ya sukari

Komite inapotaka mnara wa etaji saba kwa bei ya etaji tatu, mnara huo unapatikana. Unapatikana kwa frigoliti, ile povu gumu jeupe linalowekwa ndani ya katoni za televisheni. Inakatwa duara, inafunikwa kwa sukari iliyokandwa, inapambwa kwa maua, na inapangwa kati ya etaji za kweli. Bwana na bibi wanaonyeshwa mahali pa kukata: “Hapa, si pale.”

Mambo haya hayakuzaliwa Kivu. Desturi ya gato nyeupe ya ndoa ilifika Kongo pamoja na mambo mengine ya Wazungu wakati wa ukoloni, na huko ilikotoka nako kulikuwa na etaji zisizoliwa. Binti mkubwa wa malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1858, sehemu ya chini tu ya gato yake ndiyo ilikuwa gato. Juu kulikuwa pambo la sukari. Ndoa ya kaka yake Leopold, mwaka 1882, inatajwa kama ya kwanza katika familia hiyo ambapo etaji zote zilikuwa za kuliwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ya Uingereza ilikataza kupaka gato sukari ili kulinda akiba, na wachumba wakawa wanakodi kifuniko cha katoni kilichopambwa, wakikiweka juu ya gato ndogo.

Kwa hiyo frigoliti yenyewe si dhambi. Waingereza wa wakati wa vita walijua wote kwamba ni katoni, na hakuna aliyedanganywa. Ubaya unaanza pale komite inapowaambia wazazi kwamba imenunua gato ya etaji saba, au pale mpishi anapotoza bei ya etaji saba za kweli huku nne ni povu. Etaji ya kuonyesha iandikwe kwamba ni ya kuonyesha, na ilipwe kama hivyo. Hata hiyo si ya bure: sukari inayoifunika ni ileile, na mikono inayoipamba ni ileile. Wanaodhani etaji ya frigoliti haina gharama wanasahau kwamba unga ni sehemu ndogo ya bei ya gato ya ndoa. Sehemu kubwa ni saa za mtu.

Kuna jambo lingine ambalo ni zito kuliko aibu, nalo ni afya. Komite ikikata bei, mpishi naye anakata mahali. Mayai yaliyokaa siku nyingi, krimu iliyotengenezwa mapema kuliko inavyofaa kwa sababu hakuna pesa ya kukodi friji, maziwa yaliyolala bila baridi usiku ambao umeme ulikatika. Krimu ya maziwa au ya mayai mabichi haifai kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili. Katika ndoa nyingi gato inafika saa tisa mchana na inakatwa saa tatu au nne usiku, chini ya taa na pumzi ya watu mia tatu. Wageni wakiumwa tumbo kesho yake, lawama inamwangukia mpishi, wala si komite iliyochelewesha kukata gato au iliyokataa kulipia krimu inayostahimili joto.

Kwa nini mpishi wa gato hana meno

Wengine wanauliza: kama wapishi wanadhulumiwa, kwa nini hawakatai? Jibu liko katika gato yenyewe. Mwenye sale akikosa pesa anafunga mlango. Mwenye viti anavipakia na kuondoka navyo. Gato ya ndoa ina rangi iliyochaguliwa na komite, ina herufi za majina ya wachumba, na ina siku moja ya kuishi. Mpishi akikataa kuitoa, hawezi kumuuzia mtu mwingine gato iliyoandikwa majina ya watu wawili asiowajua. Akiizuia, anapoteza unga, mayai, siagi, sukari, makala na usiku wake. Akiitoa, anabaki na ahadi. Komite inajua hivyo, na ndiyo maana gato inawekwa mwisho kwenye orodha ya malipo.

Kuna pia shinikizo la undugu. Wengi wanaofanya kazi hii ni wanawake vijana na wamama wanaofanyia kazi nyumbani, bila kibao barabarani. Wateja wao wa kwanza ni watu wa kanisa, majirani, na ukoo. Maneno yanayotumika ni ya upendo: “Wewe ni mtoto wetu, tusaidie.” “Hii ndiyo nafasi yako ya kujulikana.” “Mungu atakulipa.” Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, huyu anasifiwa hadi anasahau kuhesabu bei ya mayai. Na ambaye anamwita mtoto wake siku ya kuagiza, siku ya kudai anamwita mtu asiye na adabu.

Ndani ya miaka hii kazi hiyo imekuwa si mchezo. Mwaka 2025, vita vilipoingia Goma na Bukavu, benki zilifunga milango, kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa, na pesa za mkononi zikaadimika. Familia nyingi zilibaki zikitegemea kazi ndogo za nyumbani. Watu hawakuacha kuoana. Dola 50 ambazo komite inaziita “kibakizo kidogo” ni ada ya shule ya mtoto, au ni gunia la unga la agizo linalofuata. Mpishi asipolipwa ndoa mbili mfululizo, hana tena mtaji, na furu yake inapoa.

Chukua mfano wa hesabu ya kawaida. Tuseme gato imekubaliwa kwa dola 200. Vitu vya kununua, makala na gari vinachukua dola 120. Komite inatoa avansi ya dola 100 na kuahidi dola 100 baada ya fete. Ikiwa ahadi haitimizwi, mpishi hakukosa faida tu: ametoa dola 20 zake mwenyewe kuchangia ndoa ya watu, na amefanya kazi wiki nzima bila franka moja. Komite ingetangaza jina lake kwa kipaza sauti pamoja na wachangiaji, maana ndivyo alivyo.

Karatasi moja inatosha

Suluhisho halihitaji ofisi mpya wala sheria mpya. Nchini Kongo, amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba bado inatumika, na kifungu chake cha 33 kinasema jambo ambalo kila mwanakomite angepaswa kulijua: mapatano yaliyofanywa kwa haki yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Karatasi moja ya daftari, yenye sahihi mbili, ni mkataba.

Wengine bado wanaamini kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kutia sahihi bila ruhusa ya mume. Ilikuwa hivyo katika sheria ya familia ya mwaka 1987. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Leo mume na mke wanatakiwa kusikilizana, na mume si bosi wa sahihi ya mke wake. Komite isitumie kisingizio cha “tutaongea na mume wako”.

Karatasi hiyo iandike nini? Tarehe na mahali pa fete. Idadi ya wageni. Idadi ya etaji za kweli, upana wa kila moja, na etaji za kuonyesha kama zipo. Ladha na rangi. Saa ya kufikisha gato na saa ya kuikata. Nani analipa gari, na nani anatayarisha meza imara. Bei, na siku za kulipa. Juu ya malipo, utaratibu wa haki ni huu: nusu siku ya kuagiza, ili mpishi anunue vitu bila kukopa, nusu nyingine siku tatu kabla ya ndoa, kabla ya kuanza kupika. Pesa zipite kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, maana ujumbe wa simu unabaki kama ushahidi, na mweka hazina naye anapata cha kuonyesha kwenye mkutano.

Kifungu kimoja ni cha lazima katika mashariki: ndoa ikiahirishwa. Barabara inaweza kufungwa, risasi zinaweza kulia usiku wa Ijumaa, kafyu inaweza kutangazwa. Pande zote mbili zikubaliane mapema: vitu vilivyokwisha kununuliwa na kuharibika vinalipwa, kazi ambayo haijaanza inahamishiwa tarehe mpya bila kuongeza bei. Hapo hakuna anayemnyonya mwenzake kwa sababu ya vita ambavyo hakuna kati yao aliyevianzisha.

Wapishi nao wana deni lao

Ingekuwa si haki kusema lawama zote ziko upande wa komite. Kuna wapishi wanaokubali gato nne kwa Jumamosi moja wakiwa na furu moja. Wanaonyesha picha za gato zilizotengenezwa Dubai au Paris kana kwamba ni zao, na bibi arusi anapokea kitu kingine kabisa. Wengine wanafika sale saa mbili usiku krimu ikidondoka. Wengine wanaficha frigoliti. Kila gato ya namna hiyo inawapa komite sababu ya kusema: “Hatulipi kabla ya kuona.”

Hofu hiyo ni ya kweli, na karatasi inaijibu pia. Mpishi aliyeandika upana wa kila etaji hawezi kuleta povu. Mpishi aliyeandika saa anaweza kudaiwa punguzo akichelewa. Aonyeshe picha za kazi ya mikono yake mwenyewe, atoe kipande cha kuonja, na akatae agizo linalozidi nguvu zake. Kukataa gato ya tatu ya Jumamosi ni bora kuliko kuaibisha ndoa tatu kwa siku moja. Na wapishi wa mtaa mmoja wakikubaliana kwamba hakuna anayepika bila nusu ya kwanza, komite haitapata mahali pa kukimbilia. Leo anayedai avansi anapoteza mteja kwa jirani asiyedai. Kesho jirani huyo ndiye atakayelia.

“Lakini michango inachelewa”

Hoja kubwa ya wanakomite ni kwamba pesa za ndoa zinatoka kwenye michango, na watu wengi wanatoa ahadi zao siku ya mwisho, wengine baada ya kula. Ni kweli. Lakini mwenye sale naye anaijua hali hiyo, na bado analipwa mapema. Maana yake pesa za mwanzo zipo. Zinaenda kwa yule mwenye kufuli. Ni suala la mpangilio, si la umaskini. Na ikiwa michango haitoshi, mahali pa kupunguza ni kwenye etaji, si kwenye mfuko wa mpishi. Familia ya bibi haikubali kupokea nusu ya mbuzi wa dote na kuambiwa miguu itakuja baadaye. Mpishi wa gato naye asipewe nusu.

Wengine watasema gato ndefu ni furaha ya watu ambao hawana furaha nyingi, na kwamba wachumba wa Kivu, baada ya yote waliyoyaona, wana haki ya mnara mweupe siku moja katika maisha yao. Hakuna anayewanyima. Anayetaka etaji saba aagize etaji saba, na alipe etaji saba. Furaha inayojengwa juu ya usiku wa mtu asiyelipwa ina mwenye kuilipia, ila tu hayupo kwenye picha.

Dawa ya deni ni kulipa. Miezi ya Julai na Agosti, wakati ndoa zinapoongezeka, komite nyingi zitakaa chini ya mwavuli na daftari, zikigawa pesa: sale, vinywaji, chakula, muziki, magari, picha. Mstari wa gato upandishwe kutoka chini ya ukurasa, uandikwe karibu na mstari wa sale, na mweka hazina aweke alama ya “imelipwa” siku tatu kabla ya honi ya kwanza.